Landrova Isiyokata Kona

Saa nne za asubuhi, Jumanne ya pili ya Machi mwaka 1966, Mwanatumu alifagia chumba cha juu, akatandika mkeka chini ya dirisha na kulimwaga sanduku la vyuma vya kuchezea. Alikuwa ameamua kuliuza. Mchuuzi mmoja wa Mwembe Tayari alikuwa amemwambia hanunui kitu asichojua kama kimetimia, na njia ya kujua ni moja tu: aunde kile kilichochorwa kwenye kifuniko, kisha aangalie kama kuna kilichopungua. Kwenye kifuniko palichorwa winchi ya bandarini, nyekundu, yenye ndoana.

Sanduku lilikuwa la mumewe, Faraj, dereva wa ofisi moja ya wapimaji wa mashamba. Mzungu wa ofisi alipofungasha kurudi kwao, mwaka wa Uhuru, aligawa vitu vyake. Mpishi alipewa sahani, mtunza bustani akapewa baiskeli, na Faraj akapewa sanduku la kuchezea watoto, maana Mzungu yule aliamini kila dereva ana watoto tele. Faraj na Mwanatumu hawakujaaliwa hata mmoja. Faraj alisema ahsante, akalileta nyumbani na kulisukuma chini ya kitanda. Miezi saba baadaye alitoka kwenda kazini, asirudi.

Kutorudi huko kulikuwa na barua yake. Ofisi iliandika kwamba dereva Faraj ametoroka kazini, na kwamba landrova aliyokuwa akiiendesha haikutoka uwani siku hiyo. Basi. Mtaani watu wakamalizia wenyewe yaliyobaki: ana mke Taveta, ana duka la mke huyo, amenenepa. Aliyeupenda uvumi huo kuliko wote ni Bimdogo, mamake Faraj, aliyekaa nyumba hiyo hiyo na Mwanatumu.

"Na awe na wake watatu," Bimdogo alisema. "Maadamu yu hai, mimi namuombea wa nne." Na kila adhuhuri alimpakulia mwanawe wali, akaufunika kwa kawa, na jioni akawapa paka.

Mwanatumu hakuwa na raha hiyo. Maalim Jamaldin wa msikiti wao alimweleza waziwazi: mauti hayajathibiti, kwa hiyo yeye ni mke wa mtu. Hakai eda. Hasomewi mumewe hitima. Hatandikii watu jamvi la matanga. Akitokwa na machozi jikoni, Bimdogo humkemea kwamba anamlilia mtu mzima, anamtakia mabaya. Mwaka na miezi minane alikaa hivyo. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: ajue, ili amlilie mumewe kama wanawake wengine wanavyowalilia waume zao.

Alianza winchi. Vyuma vilikuwa vipande virefu na vifupi, vyote vimetobolewa matundu kwa mstari, na kulikuwa na skrubu, nati, magurudumu matano ya mpira na spana ndogo. Mwanatumu alikuwa mshonaji wa kofia za vitundu, na tangu utotoni mkono wake ulijua jambo moja: kitambaa kikishatobolewa, kila kitundu kizungushiwe uzi, kisiachwe hata kimoja, la sivyo kofia yote inafumuka. Kijitabu kilichokuwa sandukuni kilionyesha matundu ya kuachwa wazi. Yeye aliyaona kama uzembe wa mchoraji. Akatia skrubu katika kila tundu, akakaza.

Kufikia adhuhuri winchi haikuwa winchi. Vyuma vilikubali kukaa namna nyingine tu, na kila alipovibandua vikarudi vile vile: boneti fupi, ubavu wa bapa, gurudumu la akiba mgongoni. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu ulitaja vitu vingine viwezavyo kuundwa kwa vyuma hivyo, bila picha wala maelekezo, na gari la porini lilikuwa mojawapo. Mwanatumu hakuyasoma hayo. Alimalizia kwa kuikumbuka landrova iliyokuwa ikimngoja Faraj kila asubuhi, hadi mchubuko wa mlango wa kushoto. Gari lilikuwa na urefu wa kiganja na nusu. Vyuma viwili vilibaki, na ndoana.

Baada ya sala ya alasiri gari liliondoka. Halikuwa na injini, wala ufunguo wa kulijaza kama saa. Lilishuka ngazi moja moja, likatoka mlangoni na kuvuka barabara ya Ndia Kuu, na hapo ndipo kosa la Mwanatumu lilipoonekana: kwa kuwa tundu la usukani nalo lilitiwa skrubu, gari halikuweza kukata kona. Lilikwenda moja kwa moja hadi kwenye duka la Sheikhan, muuza bizari, likagonga kizingiti mara tatu. Sheikhan aliinua ubao wa mlango, likapita chini ya magunia ya pilipili manga, likatokea mlango wa nyuma.

"La nani hili?" Sheikhan aliuliza.

"Langu," Mwanatumu alijibu kutoka dirishani. "Niwie radhi, Bwana Sheikhan."

"Hapana neno. Lakini kesho lije baada ya saa kumi, saa tisa nina wateja."

Lilirudi kabla ya maghribi. Kwa kuwa halikuweza kugeuka, lilirudi kinyumenyume, kwa mstari ule ule, na magurudumu yake yalikuwa yameshika udongo mwekundu. Mombasa ni kisiwa cha mawe meupe; udongo mwekundu ni wa bara. Mwanatumu aliufuta udongo kwa kitambaa akauweka kwenye kisosi.

Basi likawa hivyo kila siku. Walio kwenye mstari wake walijizoesha. Sheikhan alitoboa milango yake miwili chini, kama mtu anavyomtobolea paka. Bibi wa nyumba ya nyuma alihamisha jiko lake hatua moja. Mwembe Tayari, makondakta wa mabasi ya bara walilipigia honi na kulisubiri lipite, na askari wa barabarani akawa analipungia mkono. Watoto walilifuata siku mbili tatu, kisha wakachoka, kwani halikuwa na jipya. Kuna aliyeliona likipita Mariakani. Kuna aliyeapa ameliona Maungu, ambako mtu huenda kwa basi kutwa nzima, lakini huyo alikuwa akisema uongo tangu zamani na hakuna aliyemjali.

Siku ya kumi na tatu lilirudi na kofia.

Ilikuwa kwenye kiti cha dereva, ndogo kama subana ya kushonea. Mwanatumu aliichukua kwa ncha ya sindano, akaiweka juu ya kidole gumba, akaijua pale pale. Kila mshonaji ana mkono wake, na huu ulikuwa mkono wake yeye: mashua ndogo ndogo ukingoni, nyota juu, uzi wa rangi ya maziwa. Aliishona mwezi wa Ramadhani kabla ya Faraj kupotea. Ilikuwa na vitundu elfu moja mia mbili na sita. Alivihesabu tena kwa ncha ya sindano, polepole, akapata elfu moja mia mbili na saba. Akavirudia. Kile cha ziada kilikuwa nyuma, karibu na kisogo. Hakikuzungushiwa uzi, na kingo zake zilikuwa zimeungua.

Mwanatumu aliketi. Aliogopa, na chini ya hofu alikuwa na hasira ambayo hakujua ikae wapi, maana haikuwa na jina la mtu.

Kesho yake alimwita Kioko. Kioko alikuwa karani wa ofisi ile ya wapimaji, mwenyeji wa Machakos, aliyewahi kula pilau nyumbani kwao Idi tatu mfululizo. Alikuja saa ya chakula cha mchana, akavua viatu chini, akapanda, na alipoiona ile kofia kwenye kisosi alikaa bila kukaribishwa.

"Shemeji," alisema, "ungeitupa hiyo."

"Gari la ofisi lilitoka siku ile au halikutoka?"

Kioko aliangalia mlango. "Lilitoka alfajiri. Bwana Mkubwa alikuwa na bunduki, wanakwenda kuwinda. Lilirudi siku ya pili jioni, Bwana Mkubwa anaendesha mwenyewe. Kiti cha dereva kilikuwa kimeshaoshwa. Akaniambia niandike kwamba halikutoka."

"Na ukaandika."

"Nikaandika."

"Twende kwa Maalim Jamaldin ukaseme hayo. Maneno hayo hayo, si zaidi."

"Nina watoto watano, Bi Mwanatumu. Nikisema, na mimi nitakuwa nimetoroka kazini." Akashuka, akavaa viatu vyake, akakosea mguu, akavivua akavivaa tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye alikuwa akiyafuta kwa tai ya ofisi.

Bwana Mkubwa huyo ndiye aliyechukua nafasi ya Mzungu, pamoja na nyumba yake ya Kizingo yenye miti na bunduki ya ukutani. Mtu mpole, wote waliofanya kazi kwake walisema hivyo. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

Alasiri hiyo, kabla gari halijaondoka, Mwanatumu alikata kipande cha bafta, kitambaa kile cheupe cha kushonea kofia, akakikunja mara mbili na kukitandika nyuma ya gari. Akakinyunyizia marashi. Hakumwambia mtu kwa nini, na gari lenyewe halikuhitaji kuambiwa. Siku tatu lilirudi tupu, bafta imejaa vumbi, naye akaibadilisha kila siku.

Siku ya nne, Alhamisi, lilichelewa. Muadhini alikwisha adhini, gari halijaja. Bimdogo alikuwa chini akiwapa paka wali wa mwanawe, na ndiye aliyesikia magurudumu yakiparuza kizingiti. Liliingia kinyumenyume, likasimama miguuni pake. Bimdogo aliinama. Alikuwa na mtoto wa jicho, hakuona vizuri, kwa hiyo alipapasa.

Juu ya bafta alilala Faraj, kifudifudi, amevaa kaki ya kazi, kiatu kimoja. Hakuzidi urefu wa kidole cha kati.

Bimdogo alimtia kiganjani. Alimgeuza kwa kidole, akampapasa paji la uso, kidevu, na sikio la kulia ambalo Faraj aliumwa na mbwa utotoni. Mwanatumu alisimama kwenye ngazi na hakuthubutu kushuka. Alikuwa ameomba jibu mwaka na miezi minane, na sasa lilipomfikia mwanamke huyu mzee kwanza, angelipenda kulirudisha.

"Mwanangu," Bimdogo alisema. "Mwanangu mwepesi hivi. Kumbe hata huko hawakukupa chakula." Kisha akapiga ukelele, na mtaa mzima wakajua kuna msiba.

Maalim Jamaldin aliletewa Faraj kwenye sinia, juu ya leso. Alivaa miwani, akamtazama kwa muda, akaitazama kofia, akamsikiliza Sheikhan na bibi wa nyumba ya nyuma, ambao wote wawili walishuhudia kwamba huyu ni Faraj wanayemjua. Mtu mmoja aliuliza kama inafaa kumswalia maiti wa kimo hicho.

"Sharia haikutaja kimo," Maalim alisema. "Amekufa. Mauti yamethibiti. Mwambieni binti aingie eda."

Mke ana haki ya kumwosha mumewe, na Mwanatumu alikuwa na vidole vya kazi hiyo. Alimwosha kwa maji ya kikombe cha kahawa, kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Tundu la kisogoni lilikuwa pale pale palipokuwa na lile la kofia. Alimkafini kwa bafta. Na alilia, kwa sauti, bila mtu kumkemea, na Bimdogo akamshika kiuno.

Asubuhi, kabla hawajatoka, Kioko alikuja na faili na futi ya chuma. Kizingo walikwisha sikia. Ofisi ya wapimaji haiamini ila ilichokipima, na Bwana Mkubwa alikuwa amemtuma akachukue vipimo. Kioko aliomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja, akapiga magoti, akapima. Inchi tatu na robo. Aliandika, akaomba radhi tena.

Msikiti haukuwa na jeneza dogo, kwa hiyo Faraj alilazwa kwenye lile lile la watu wote, akafunikwa. Wanaume walipokezana begani hadi makaburini kama kawaida. Lilikuwa zito. Waliobeba mbele walibadilishwa mara nane, na Sheikhan, ambaye hubeba magunia ya bizari kila siku ya Mungu, alitokwa na jasho hadi viatuni.

Barua ya ofisi ilifika baada ya wiki mbili, na Maalim Jamaldin akaisoma kwa sauti nje ya mlango, kwa kuwa Mwanatumu alikuwa edani. Ofisi imepokea taarifa ya mazishi. Dereva Faraj, kwa mujibu wa faili lake, ana urefu wa futi tano na inchi saba. Mtu aliyezikwa ana inchi tatu na robo. Kwa hiyo mtu aliyezikwa siye dereva Faraj, ambaye bado ametoroka kazini, na anaombwa popote alipo arudishe sare.

"Legeza ile skrubu," Bimdogo alimwambia mkwewe usiku ule wa barua. Sauti yake ilikuwa imebadilika tangu mazishi, ilikuwa kavu. "Ile ya usukani. Likate kona moja tu, liende Kizingo."

Mwanatumu alikuwa amekwisha jaribu. Alitoa spana, akajaribu tena mbele yake ili aone. Nati ilizunguka, ikazunguka, haikutoka. "Niliikaza mimi," alisema. "Kijitabu kiliniambia niache wazi. Mimi nikaona wamesahau." Bimdogo hakumlaumu, aliichukua spana mkononi mwake akaenda kuilalia chini ya mto wake, na tangu siku hiyo hakupakua tena sahani ya mchana.

Mwanatumu alikaa eda yake miezi minne na siku kumi. Alivaa nyeupe, hakutia wanja wala udi, alishona kofia na kusoma. Gari liliendelea na safari zake. Hakuna aliyelituma, lakini lilikuwa haliwezi kwenda kwingine. Wiki ya tatu ya eda lilirudi na mtu mwingine, mwembamba, amevaa fulana ya utingo, ambaye hakuna mtu wa Ndia Kuu aliyemjua. Mwanatumu alimweka kwenye kisosi, akamfunika kwa leso, akamwambia Bimdogo awapigie mbiu majirani. Baada ya siku mbili alikuja mama mmoja kutoka Changamwe, Kasyoka jina lake, mumewe alikuwa utingo wa gari la wapimaji na naye ametoroka kazini tangu mwaka jana. Alifunua leso. Alimfunga mumewe kwenye ncha ya kanga, akashukuru, akarudi kwao.

Baadaye walikuja wawili pamoja, mmoja hana mikono. Baadaye mwanamke mzee, na huyo hakupata mtu wa kumtambua hadi leo. Kufikia Agosti, wanawake walikuwa wakingoja kwenye baraza ya Mwanatumu tangu alasiri, kumi, kumi na tano, kutoka Changamwe na Mariakani na Voi. Walikaa kimya, wakipasiana maji. Sheikhan aliwatolea mkeka.

Mwanatumu alitoka edani Jumamosi. Alioga, akavaa ya rangi, akashuka kuwasalimu wageni wake. Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja, Bwana Mkubwa wa Kizingo alipita Ndia Kuu kwa miguu na wageni wake wawili, akiwaonyesha milango ya nakshi. Aliona kofia zilizoanikwa dirishani. Alipenya katikati ya wanawake kwa adabu, akiomba njia kwa kila mmoja, akafika mlangoni.

"Hujambo, mama? Hizi kofia unashona mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bwana."

Alichagua moja ya nyota, akaivaa, akawageukia wageni wake wamwone. Ilimkaa sawasawa. Bimdogo, aliyekuwa ndani, alijua sauti hiyo ni ya nani. Mwanatumu alimtazama mtu huyo usoni. Alitafuta kitu cha kumchukia, akaona uso wa mtu aliyelala vizuri, na chuki ikamjaa hata akahisi ladha yake kinywani.

"Na mzee wa nyumba? Anafanya kazi gani?" Bwana Mkubwa aliuliza, huku akifungua pochi.

"Dereva. Ofisini kwako. Faraj."

Wanawake wote barazani walimtazama. Bwana Mkubwa alifikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka miwani, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Naam, Faraj. Dereva mzuri. Akirudi mwambie aje anione mwenyewe. Mimi si mtu wa kuweka kinyongo."

Wakati huo gari lilikuwa likivuka barabara kinyumenyume kutoka dukani kwa Sheikhan, limejaa watu hadi linalemea upande. Lilipofika mlangoni Bwana Mkubwa aliinua mguu mmoja likapita, akaushusha, akahesabu chenji yake, akawaambia wageni waharakishe kabla ya giza. Mwanatumu alipiga magoti na kuanza kuwapakua. Wanawake walisogea mbele, wakakaa kwa mstari.